Chekeche la Kahawa na Chekeche la Programu

Kahawa ya wakulima wa Mbinga haipangiwi daraja kwa kutazamwa uso wa mwenyewe. Kiwandani, ikisha kukobolewa, hupitishwa katika machekeche yenye matundu ya vipimo vilivyokubaliwa: punje kubwa huwa AA, zinazofuata A, kisha B. Chekeche halina ndugu wala halichoki. Wenzetu wa Unguja na Pemba, wanaojua jinsi karafuu inavyoshuka daraja kwa kuchanganyika na makonyo, hawahitaji kuelezwa zaidi faida ya kipimo kimoja.

Kipimo cha namna hiyo kinahitajika pia katika kazi ya kutunga programu za kompyuta. Zahanati za mwambao wa Ziwa Nyasa, za Mbamba Bay na Liuli, hutoa hesabu za wagonjwa na chanjo. Hesabu hizo, pamoja na zile za Visiwani, huingia katika mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa na wataalamu wa nchi nyingi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mikono ikiwa mingi hivyo, na kila mmoja akiandika apendavyo, msimbo wa programu hugeuka msitu, na kosa dogo laweza kujificha humo hadi liharibu hesabu inayotegemewa katika kugawa dawa.

Tiba ya maradhi hayo si ngeni. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa maabara ya Bell, Marekani, alieleza programu yake iitwayo lint, yaani vinyuzi vinavyoganda nguoni, kwa kuwa iliokota makosa madogo madogo. Waratibu wa DHIS2 wamekwenda mbele zaidi: chombo chao, d2-style, huweka kanuni zile zile katika mradi mpya. Kikipangwa hivyo, mtaalamu anapotaka kuhifadhi kazi yake, mistari hukaguliwa, kosa huonyeshwa, na kazi isiyotimiza kanuni hukataliwa. Mkubwa hagombani tena na mdogo kwa sababu ya nafasi na alama za mkato.

Lakini tusijidanganye. Chekeche hupima ukubwa wa punje, si ladha. Ndiyo maana kahawa bado huonjwa na binadamu. Vivyo hivyo, programu iliyopangwa vizuri yaweza kumhesabu mtoto mmoja mara mbili. Faida ya chekeche ni kumpa mwonjaji nafasi ya kuonja.

Kwa hiyo hatuna budi kuwashauri viongozi wa wizara na halmashauri, Bara na Visiwani: kila mkataba wa kutengenezewa programu utaje kanuni za uandishi na ukaguzi wa mashine tangu siku ya kwanza. Zana nyingi za kazi hii hupatikana bure. Kinachogharimu ni kuchelewa, kwani mtaalamu akihama, anayerithi kazi isiyosomeka huweza kulazimika kuianza upya, kwa fedha za umma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.