Muziki wa Nyumba, Si wa Simu ya Mtu

Kompyuta ndogo ya mezani, ya ukubwa wa kitabu tu, inaweza kumaliza ule ubishi wa nani aweke wimbo gani. Na kwa ninyi mnaoishi Lushoto na milima ya Usambara, inaweza kuokoa kitu cha thamani zaidi ya wimbo.

Hebu jiulize swali dogo: nyumbani kwenu muziki unakaa wapi?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Ulikaa sebuleni, kwenye kabati la vioo, kaseti zimepangwa safu kwa safu na redio iko juu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Aliyetaka kusikiliza alijichagulia. Siku hizi wengi wetu tutajibu haraka: uko kwenye simu. Sawa. Sasa swali la pili, ambalo ndilo lenye kazi: simu ya nani?

Hapo ndipo mambo yanapoanzia. Spika ya sebuleni imeunganishwa na simu ya mume. Akipigiwa, muziki unakatika. Akitoka kidogo kwenda dukani, muziki unatoka naye. Mke akitaka kubadilisha wimbo, aombe simu, aombe na namba ya siri, na kabla hajaupata wimbo wenyewe, ujumbe unaingia juu ya kioo. "Na huyu ni nani?" Jioni imeshaharibika, na pengine aliyetuma ujumbe ni fundi bomba tu!

Tuseme ukweli. Simu ni chumba cha mtu, lakini muziki wa familia ni wa sebuleni. Ukiweka vitu vya sebuleni chumbani kwa mtu mmoja, msishangae kila siku kugongana mlangoni.

KABOKSI KADOGO, KAZI KUBWA

Dawa ipo, na wala si ngeni. Januari 2005 kampuni ya Apple ilitoa Mac mini, kompyuta ya mezani yenye sentimita 16.5 kila upande na kimo cha sentimita 5 tu. Bei yake ilianzia dola 499 za Marekani, na iliuzwa bila kioo, bila kibodi, bila mausi. Watu wengi waliitazama wakasema, hii si ya kuandikia barua za ofisi. Hii ikae kimya chini ya televisheni, itunze muziki wa nyumba nzima. Februari 2012 ikafuata Raspberry Pi kutoka Uingereza, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki, kwa dola 35.

Lakini usikimbilie mashine mpya. Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny ni kompyuta ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, na ofisi zikibadilisha vifaa, nyingi huishia kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika. Kwa kazi ya muziki, hata iliyotumika miaka sita au saba inatosha kabisa. Kucheza wimbo ni kazi nyepesi sana kwa kompyuta.

Kompyuta inayofanya kazi hii huitwa seva. Neno lisikutishe. Seva ni mhudumu tu, kama yule wa hotelini: chakula kiko jikoni, ninyi mnaagiza mkiwa mmekaa mezani. Nyimbo zote zinakaa kwenye kompyuta. Mume kwa simu yake, mke kwa simu yake, hata mgeni akiruhusiwa, kila mmoja anachagua wimbo na unasikika kwenye spika za sebuleni. Hakuna anayeshika simu ya mwenzake.

BANDO LIMEISHA? ENDELEENI KUCHEZA

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti zipo na ni nzuri. Spotify, kwa mfano, ilifunguliwa Tanzania mwaka 2021. Ila kwa kawaida zinakula bando, na ukiacha kulipa, hata nyimbo ulizozihifadhi kwa kifurushi cha kulipia hazichezi tena. Muziki ule umepanga, hujanunua.

Seva ya nyumbani haihitaji intaneti kucheza nyimbo zako. Inahitaji ruta tu, ile ya Wi-Fi, iwe imewashwa. Ruta isiyo na bando ni kama barabara ya kijijini mvua ikiwa imekata njia kuu: magari ya mjini hayafiki, lakini majirani wanatembeleana kama kawaida. Simu zenu zitaendelea kuiona kompyuta, na muziki utaendelea.

Programu za kazi hii zipo za bure. Mojawapo ni Lyrion Music Server, yenye kisa cha kufundisha. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la SlimServer, mali ya kampuni ndogo ya California iitwayo Slim Devices. Mwaka 2006 kampuni kubwa ya Logitech ikainunua Slim Devices, na mwaka 2012 ikaacha kutengeneza vifaa vyake vya Squeezebox. Watumiaji hawakulia. Walikuwa na programu, walikuwa na nyimbo zao, wakaendelea kuitunza wenyewe mpaka leo. Kampuni hubadili mawazo, ila kilicho kwako ni chako. Nyingine ya bure ni Jellyfin, iliyoanza mwaka 2018, inayotunza muziki, picha na video pamoja.

KWA NINI MILIMANI HASA?

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mombo kwenye joto la tambarare, unapanda kilomita 30 na ushei za kona, unapita Soni, na ukifika juu unatafuta sweta. Juni na Julai baridi haina mchezo. Jioni watu wako ndani, milango imefungwa, blanketi magotini. Nyumba ya namna hiyo ikikosa muziki, saa zinakuwa ndefu. Ikiwa na muziki wa mmoja tu, zinakuwa ndefu zaidi.

Halafu kuna wanandoa wa kazi mbili. Chukua mfano: mke anafanya kazi Lushoto, labda Chuo cha Uongozi wa Mahakama au hospitali; mume yuko Tanga mjini au Dar es Salaam, anapanda mlimani wikiendi. Jumapili mchana akishuka na basi, nyimbo zote walizosikiliza wikiendi zinashuka naye mfukoni. Zikiwa kwenye seva, zinabaki. Jumatano usiku, ukungu umetanda nje, mke anaweka wimbo uleule waliocheza Jumamosi jikoni wakimenya viazi. Siyo sawa na kuwa naye, lakini nyumba haijawa ngeni.

KASETI ZA WAZEE

Tufike kwenye lile la thamani zaidi ya wimbo. Mkoa wa Tanga ni mkoa wa muziki. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa bendi za Tanga. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipita Jamhuri Jazz kabla ya kuelekea Arusha na baadaye Nairobi, walikoanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Upande wa taarabu, Black Star na Lucky Star zilisikika pwani yote ya Afrika Mashariki, na Bi Shakila, aliyefariki mwaka 2016, alitamba na Black Star. Wazazi wetu walikuwa na kaseti za watu hawa, na nyingi bado ziko kwenye masanduku.

Ndani ya sanduku hilohilo mara nyingi kuna kaseti nyingine zisizo na jina. Harusi ya shangazi. Ngoma ya mdumange iliyorekodiwa uwanjani. Babu akimtumia salamu mwanawe aliyeko mbali, kuku wanasikika nyuma yake. Wimbo wa bendi maarufu unaweza kupatikana kwingine. Sauti ya babu haipo kwingine popote duniani.

Na milima yetu haina huruma na utepe. Kaseti, zilizoanza kuuzwa na Philips mwaka 1963, huchukia unyevu. Ukungu wa nje unapendeza macho. Ukungu unaoota kwenye utepe unaua sauti. Fungua sanduku uangalie. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, usiicheze, kwa sababu itachafua redio na kuambukiza kaseti nyingine. Hiyo ikae peke yake ikisubiri fundi.

Zilizo safi mnaweza kuzihamisha wenyewe. Mnahitaji redio kaseti nzima, waya mmoja, na kidude cha kuingizia sauti kwenye tundu la USB, maana kompyuta nyingi ndogo hazina tundu hilo la sauti. Programu ya kurekodia iitwayo Audacity ni ya bure tangu mwaka 2000. Kwanza zungusha kaseti mpaka mwisho, uirudishe mwanzo, utepe ulegee. Kisha cheza na kurekodi. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 inachukua dakika 90.

Dakika hizo msizipoteze. Mwiteni bibi akae nanyi asikilize, na muulizeni: huyu anayecheka ni nani? Hii ni harusi ya nani, mwaka gani? Andikeni majibu kwenye jina la faili. Kompyuta itatunza sauti, lakini haijui ni ya nani. Anayejua ni bibi, naye hatakuwepo siku zote.

HATUA KWA HATUA

1. Tafuteni kompyuta ndogo iliyotumika, yenye diski ya terabaiti 1 au mwongeze ya pembeni. Nyimbo 100,000 za MP3 za ubora wa juu zinaingia humo, kila moja dakika nne hivi. Mkitaka FLAC, ambayo haipunguzi chochote kwenye sauti ya CD, hesabuni zaidi ya 30,000.

2. Wekeni programu ya seva, kisha iunganisheni kompyuta na ruta kwa kebo. Kuta nene hudhoofisha Wi-Fi, ila kebo haijali ukuta.

3. Unganisheni kompyuta na redio au amplifaya mliyo nayo. Haina haja ya spika mpya.

4. Wekeni UPS, kwani umeme ukikatika ghafla diski inaweza kuharibika. Ipangeni kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kuhusu LUKU msiogope: kompyuta inayotumia wati 10 ikiwaka mchana na usiku inakula kama uniti 7 kwa mwezi.

5. Tengenezeni nakala ya akiba kwenye diski nyingine, na isikae nyumba hiyohiyo. Ipelekeni Tanga kwa wazazi, au Dar kwa yule mwenzenu wa wikiendi. Mwizi au moto hauchagui diski.

MAKUBALIANO YA WAWILI

Mashine imekaa. Sasa kazi ya mapenzi. Kabla hamjachanganya nyimbo zenu, kaeni chini mkubaliane mambo manne.

Kwanza, kila mmoja awe na orodha yake, na iwepo ya tatu ya wote wawili. Mpenzi wa Bongo Fleva halazimiki kuoa na rumba pia!

Pili, hakuna kufuta wimbo wa mwenzio. Unaukera? Uruke. Na ule wimbo unaojua kabisa unamkumbusha mtu wa zamani? Muulize kwa mdomo. Ukiufuta kimyakimya umeanzisha jambo lingine kabisa.

Tatu, nywila ijulikane kwa wote, na wote wawe wanajua kuiwasha, kuongeza nyimbo na kutengeneza nakala. Nyumba nyingi zina fundi mmoja, mara nyingi mume, na wengine ni wasikilizaji tu. Siku akisafiri, akiugua au, Mungu apishe mbali, akitangulia, sauti za familia nzima zinabaki zimefungwa ndani ya kaboksi ambalo hakuna anayelijua. Hapo mtakuwa mmetoka kwenye simu ya mtu mkaingia kwenye kompyuta ya mtu. Iandikeni nywila kwenye karatasi, iwekeni pamoja na cheti cha ndoa.

Nne, pawe na saa ya kimya. Mwenzako akirudi amechoka, zima bila kuombwa.

Basi, msianze na nyimbo 10,000. Jumamosi hii fungueni sanduku moja tu la kaseti, mchague moja isiyo na jina, mwiteni anayeweza kuitambua, mchemshe chai ya tangawizi, halafu mbonyeze kitufe. Kama kuna sauti ndani, mtaanza kubishana palepale ni ya nani. Huo ni ubishi mzuri.