Mto Nahanni: picha za angani hazikusema majina

Kaskazini-magharibi mwa Kanada, Mto South Nahanni hupita kwenye Milima ya Mackenzie kwa zaidi ya kilomita 500 kabla ya kumwaga maji yake katika Mto Liard. Hadi miaka ya 1920, sehemu kubwa ya bonde lake ilikuwa tupu katika ramani za serikali, ingawa wawindaji wa jamii ya Dene walilijua tangu enzi za mababu zao.

Mwaka 1928 Mmarekani Fenley Hunter aliupanda mto huo kwa mtumbwi. Alipima kimo cha maporomoko yake makuu na kupata futi 316, yaani mita 96 hivi, karibu mara mbili ya Niagara. Akayaita Virginia, jina la binti yake. Wadene huyaita Náįlįcho.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, ndege zilipiga picha za nyika hiyo kutoka angani. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka pande tofauti, zikitazamwa kwa pamoja huonyesha milima na mabonde. Hapo mchoraji huchora mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Hata hivyo, picha haitaji jina la mahali. Hilo hujulikana kwa kuwauliza wenyeji.

Ramani hutumika pia kugawa vibali vya madini, kuweka mipaka ya hifadhi na kuamua madai ya ardhi. Asiyetajwa humo hulazimika kuthibitisha kwamba alikuwapo. Sehemu ya bonde hilo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1978, na leo mamlaka ya hifadhi huandika Náįlįcho pamoja na Virginia.