Mwizi Asiyevunja Mlango

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya kitu kidogo kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho ni simu ya mkononi. Hatutaki kuisifu wala kuilaumu, maana faida zake zajulikana na watu wote, na hasara zake pia. Tutashika jambo moja tu: jinsi fedha za nyumba zinavyoibwa kwa njia ya simu, na jinsi watu wa nyumba wawezavyo kuzilinda. Neno hili ni la baba na la mama, na la mtoto anayetumwa kumsomea bibi yake ujumbe. Tena ni la walimu hasa, kwa sababu tutakayoieleza mbele.

Zamani mtu aliyefanya kazi mjini, akitaka kuwapelekea wazee wake fedha za chumvi na mafuta, alikuwa na njia chache. Alikwenda posta akapeleka hawala, au alimpa dereva wa basi bahasha, au alingoja mpaka apatikane ndugu anayesafiri. Njia hizo zilikuwa na taabu, na bahasha nyingine hazikufika. Hata mwezi wa Machi mwaka 2007, kampuni ya Safaricom ya Kenya ilianza kazi iitwayo M-Pesa, na mwaka 2008 kampuni ya Vodacom ikaianzisha Tanzania. Makampuni mengine yakafuata. Basi sasa bibi aliye kijijini hupata fedha kabla maji ya chai hayajachemka, akaenda kwa wakala aliye karibu akazitoa. Ada za shule hulipwa vivyo hivyo, na umeme, na maji, na michango ya arusi na ya misiba.

Lakini yafaa tufahamu maana ya badiliko hili. Fedha iliyokuwa katika sanduku chini ya kitanda, sasa imo katika kitu kinachoachwa juu ya meza, kinachopewa mtoto achezee, kinachoazimwa na jirani. Na kufuli yake ni tarakimu nne tu, yaani namba ya siri. Tukihesabu tangu 0000 hata 9999 twapata namba 10,000. Hizo ni nyingi, na mtu akikosea mara chache huduma hufungwa. Kwa hiyo mwizi hapati nafasi ya kuzijaribu zote. Basi mwizi mwenye akili hashughuliki na kufuli. Hubisha hodi kwa upole, na mwenye nyumba humfungulia kwa mkono wake mwenyewe.

Hodi zake ni za namna nyingi. Tutazitaja nne zilizo za kawaida.

Ya kwanza ni ujumbe usemao, “Ile pesa itume kwa namba hii.” Mwizi hamjui aliyempelekea. Ameupeleka kwa watu wengi, akitumaini kwamba mmoja katika hao anadaiwa kodi ya nyumba, au ameahidi kumtumia mtu fedha siku ile ile. Ni kama mvuvi atupaye wavu usiku: samaki hawaoni, lakini ajua kwamba wamo.

Ya pili ni fedha iliyodaiwa kuwa imekosewa. Waja ujumbe unaofanana na ule wa kampuni, ukisema umepokea shilingi 50,000. Mara simu yalia, na mtu aomba kwa unyenyekevu, “Mama, samahani, nimekosea namba, fedha hizo ni za mgonjwa, nirudishie tafadhali.” Mtu mwema hufanya upesi kuzirudisha. Kumbe hakuna kilichoingia. Ametoa fedha zake mwenyewe.

Ya tatu ni mtu ajiitaye mtumishi wa kampuni, asemaye kwamba laini yako itafungwa leo usipomtajia namba ya siri, au usipobonyeza namba atakazokusomea. Inayofanana na hiyo ni ile ya WhatsApp. Rafiki unayemjua akuandikia kwamba kwa makosa ameelekeza kwako tarakimu sita, naye ataka umpe. Hakika yake, huyo si rafiki yako tena, bali mtu aliyekwisha kuiteka akaunti yake. Na tarakimu zile sita ni ufunguo wa kuihamishia akaunti yako katika simu nyingine. Ukizitoa, kesho yeye ndiye atakayewaandikia jamaa zako kwa jina lako, akiwaomba mkopo.

Ya nne ndiyo mbaya kupita zote, nayo twaijua kwa habari ya mama mmoja mjane wa mtaani kwetu, auzaye vitumbua penye kituo cha basi. Mama huyu alikuwa ameweka shilingi 180,000 katika simu kwa miezi mitatu, akiba ya ada ya mwanawe aliye katika shule ya bweni. Siku moja adhuhuri alipigiwa na mtu mwenye sauti ya heshima: “Mama, mimi ni mwalimu wa zamu.” Akamtaja mtoto kwa jina lake. Akasema mtoto ameanguka, damu zamtoka, wako hospitalini, na dawa haipatikani mpaka ilipwe. Kisha akasema neno lililokuwa nguvu ya hila yote: “Usikate simu, mama, tuma sasa hivi, nami nangoja.” Mama akatuma zote. Alipopiga tena, namba ile haikupatikana. Jioni akampata mlezi wa bweni, akaambiwa kwamba mtoto ni mzima, anakula pamoja na wenzake.

Mama alishukuru, akalia, akanyamaza. Hakumwambia mtu, maana aliona haya mbele ya shemeji zake, waliotaka tangu mwanzo kuwa wao ndio waweke fedha hizo. Akakaa hivyo muda wa majuma matatu. Katika majuma hayo wazazi wengine wawili wa shule ile ile waliibiwa kwa sauti ile ile na kwa maneno yale yale. Nao walinyamaza kwanza, kwa haya ile ile. Hata mmoja alipolisema jambo hili katika mkutano wa wazazi, ndipo wa pili akasema, na mama yetu akasimama akasema yake.

Hatumlaumu mama huyu. Alifanya kile ambacho kila mzazi angetamani kufanya, yaani kumwokoa mwanawe kwanza na kuuliza baadaye. Wala tusishangae kwamba mwizi alilijua jina la mtoto. Jina la mtoto si siri. Limeandikwa katika daftari na katika orodha za mtihani, na wenzake huliita njiani. Tukitazama vema tutaona kwamba hodi zote nne zina vitu vitatu: haraka, ili usipate kufikiri, upweke, ili usimwulize mtu, na haya, ili ukiisha kuibiwa usiseme. Kinga ya nyumba yapasa kuelekezwa kwa vitu hivyo vitatu.

Kwanza, namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote. Mtumishi wa kweli wa kampuni hana haja nayo. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana huo ndio atakaoujaribu kwanza kila anayekujua. Mzee akienda kwa wakala, aibonyeze mwenyewe. Afadhali mjukuu akae naye jioni mbili akimfundisha kuikariri, kuliko kuiandika kwenye kipande cha karatasi nyuma ya simu.

Pili, tazama salio, usiamini ujumbe. Ujumbe waweza kuandikwa na mtu yeyote. Salio huandikwa na kampuni. Ikiwa kweli mtu amekosea, na fedha imeingia, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aende kwa kampuni yake, nayo itairudisha kwa njia ya haki. Kwa wenzetu wa Kenya wenye M-Pesa, aliyekosea huupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456. Mkweli hatakasirika kuelekezwa huko; mwongo atakasirika.

Tatu, kata simu, kisha piga wewe. Hii ndiyo dawa ya “usikate simu.” Piga kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyokupigia. Tena jamaa wote wapatane juu ya neno moja la nyumbani, asilolijua mtu wa nje: labda jina la mbuzi wa babu, au la mto waliokuwa wakioga zamani. Mtu akiomba fedha kwa jina la ndugu, aulizwe neno hilo. Wala tusiseme, “Sauti yake naijua.” Siku hizi zipo programu za akili mnemba ziwezazo kuiga sauti ya mtu.

Nne, ilinde laini yenyewe. Watu wengi huifunga simu, wakaiacha laini wazi. Mwizi huitoa, akaitia katika simu nyingine, akapokea ujumbe wote wa mwenyewe. Lakini katika simu ya kitochi na katika simu janja pia, yapo mahali pa kuwekea laini namba yake ya kuifunga, ambayo ni nyingine kabisa na ile ya fedha. Akosaye mara tatu hufungiwa, wala haifunguki ila kwa namba ya tarakimu nane itolewayo na kampuni. Na akikosea hiyo mara kumi, laini imekufa. Tena bonyeza *#06#, utaona namba ya simu yenyewe yenye tarakimu 15. Iandike katika daftari la nyumbani, iwe tayari siku ya kupeleka habari polisi kwamba simu imeibwa.

Tano, sema. Mficha maradhi kilio humfichua. Aliyeibiwa awaambie watu wa nyumba siku ile ile, na kampuni saa ile ile, maana fedha isiyokwisha kutolewa kwa wakala huenda ikazuiliwa. Katika Tanzania imewekwa namba 15040 ya kupokea habari za ujumbe na namba za matapeli. Kadhalika, tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na kwa kubonyeza *106# mtu aweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta namba usiyoijua, nenda ukaifute upesi, isije ikatumiwa kuwaibia wengine kwa jina lako.

Sasa neno kwa walimu. Mwizi wa mama yule alivaa jina la mwalimu, kwa kuwa ajua kwamba hakuna jina linaloaminiwa upesi na mzazi kuliko hilo. Katika shule ile, baada ya mkutano, walifanya mambo mawili. Waliwapa wazazi namba mbili tu, ya mwalimu mkuu na ya mlezi wa bweni, zimeandikwa katika karatasi na kusomwa kwa sauti. Kisha wakatangaza kwamba hakuna mwalimu atakayeomba fedha ya ugonjwa iletwe katika simu yake mwenyewe. Mambo haya hayana gharama, na shule yoyote yaweza kuyafanya katika mkutano wa kwanza wa muhula. Tena walimu, ninyi ndio wasomaji wa kijiji. Bibi akija na simu yake mkononi, akisema, “Mwalimu, nisomee hapa,” msimsomee maneno tu. Mwelezeni pia yametoka kwa nani, na kama yafaa kuaminiwa.

Twawaomba wenye nyumba wasiliache jambo hili mpaka siku ya msiba. Jioni moja, vyombo vikiisha kuoshwa, wakae wote pamoja, wachague neno lao la nyumbani, na kila mmoja ajaribu kueleza atakalofanya akiambiwa, “Usikate simu.” Waanze na watoto, maana mara nyingi wao ndio wanaoipokea.

Na msomaji aliyepatwa na hodi ya namna nyingine, tusiyoitaja hapa, atuandikie. Hatutalichapa jina lake wala la mji wake, bali tutayachapa maneno ya mwizi kama alivyoyasema, ili nyumba nyingine ziyasikiapo ziyatambue.