JE, WAJUA? Thrush, manowari ndogo iliyopiga jumba la Sultani

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, watu wa Unguja walisikia mizinga ikinguruma mbele ya Forodhani. Miongoni mwa manowari za Waingereza zilizofyatua ilikuwamo moja ndogo iitwayo Thrush.

Je, wajua kwamba Thrush ilibeba jina la ndege? Ilikuwa mojawapo ya manowari 9 za aina moja, na zote zilipewa majina ya ndege. Dada yake Sparrow, yaani Shomoro, ilikuwa nayo bandarini siku hiyo. Zote mbili ziliundwa Greenock, Scotland, na kushushwa majini mwaka 1889, enzi za Malkia Victoria.

Je, wajua kwamba mbavu zake zilikuwa za chuma cha pua, lakini ngozi yake ilikuwa ya mbao? Mafundi walifunika mataruma ya chuma kwa mbao za msaji, kisha wakazipigilia mabati ya shaba upande wa majini. Katika bahari zenye joto, wadudu hutoboa mbao na chaza hung'ang'ania chombo hadi kikapungua mwendo. Mafundi wetu wa majahazi walikabili adui huyohuyo kwa kupaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Kwa nini basi shaba isipigiliwe moja kwa moja juu ya chuma? Kwa sababu madini hayo mawili yakigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Mbao ziliyatenganisha.

Je, wajua kwamba ilikuwa na injini ya mvuke na matanga pia? Makaa ya mawe yalikuwa ghali na vituo vya kuyapakia vilikuwa mbali, kwa hiyo upepo uliokoa safari nyingi. Kwa injini ilikwenda noti 13, takribani kilomita 24 kwa saa. Urefu wake ulikuwa kama mita 50 na uzito tani 805. Ilikuwa na mizinga 6 yenye mdomo wa sentimita 10, na haikuhitaji maji marefu. Chombo cha namna hii hakikuundwa kwa ajili ya kupigana na meli kubwa za vita. Kiliundwa kisogee karibu na pwani za watu.

Je, wajua kwamba nahodha wake mwaka 1890 alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria? Ni Mwanamfalme George, aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano mwaka 1910.

Je, wajua kwamba vita vya Unguja huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia? Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani kushika usultani bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda wa mwisho wa kuondoka, hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Saa 3 na dakika 2, manowari za Racoon, Thrush na Sparrow zikaanza kupiga. Risasi ya kwanza ya Thrush iliuharibu mzinga mmoja wa jumba. Glasgow, meli ya Sultani, ilijibu mapigo ikazamishwa, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi. Yote yalikwisha kabla ya saa 4. Upande wa jumba, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja tu, naye alikuwa ndani ya Thrush. Tukivisimulia vita hivi kwa dakika zake, tusiwasahau watu hao 500. Jumba lilikuwa la mbao kwa sehemu kubwa, nao walijazana ndani yake.

Je, wajua kwamba Khalid aliishi muda mrefu kuliko manowari iliyompiga? Siku ile alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, kisha akaishi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakampeleka uhamishoni visiwani mbali. Sparrow iliuzwa New Zealand mwaka 1906, ikafundisha vijana ubaharia kwa jina la Amokura. Thrush iligeuzwa meli ya kuopoa vyombo vilivyozama, na Aprili 1917 yenyewe ikavunjikia miambani karibu na Glenarm, Ireland. Khalid alirejea pwani yetu, akafariki Mombasa mwaka 1927, miaka 10 baada ya manowari hiyo kuangamia.