Jengo, Nyumba na Boma: Maana ya Neno Tulitumialo Kila Siku

Nchi ya Kano, iliyo mashariki ya Kisumu, ni tambarare, na udongo wake ni mweusi wa kunata. Mvua kubwa zinyeshapo milimani, mto Nyando hufurika, na watu wa Ahero na vijiji vya jirani huamka wakaona maji yamefika mlangoni. Maji yakiisha kupungua, huja karani na daftari lake, akamwuliza kila mwenye boma: "Majengo yako yaliyoharibika ni mangapi?"

Swali hilo laonekana kuwa jepesi, lakini si jepesi. Tuseme mzee mmoja ajibu, "Ni moja tu, mwanangu," kwa sababu katika boma lake nyumba ya kulala peke yake ndiyo yenye mabati. Hakulitaja ghala la mtama, wala jiko, wala choo, wala nyumba ya kijana wake karibu na lango, ambayo ilikuwa bado kuezekwa. Karani aandika "moja", afunga daftari, aenda zake. Msaada ukija, utakuja kwa hesabu ya jengo moja. Mzee hakusema uongo, wala karani hakumdhulumu. Ila neno moja lilikuwa na maana mbili katika vichwa viwili. Ndiyo sababu twaona yafaa kulieleza neno hili.

Jengo latokana na kujenga, kama vile pigo litokavyo katika kupiga, na tendo katika kutenda. Maana yake ni kitu kilichojengwa kwa mikono ya watu, kikasimama. Neno lenyewe halisemi kimejengwa kwa kitu gani, wala halisemi kama kuna mtu alalaye ndani. Duka ni jengo. Shule, kanisa na msikiti ni majengo. Ghala na choo ni majengo pia. Katika mashamba ya mpunga ya Ahero, yaliyoanzishwa na Serikali mwaka 1969, maji ya Nyando huvutwa kwa mashine yakaingia katika mifereji. Nyumba ya mashine hizo ni jengo, ijapokuwa hakuna apikaye wala alalaye humo.

Wako wadhanio kwamba jengo ni la mawe au la bati, na kwamba kilichofanywa kwa miti na udongo hakistahili jina hilo. Hao wamekosea kabisa. Wazee wa pwani walikuwa na maneno mawili. Kufanya nyumba kwa miti, fito na udongo kuliitwa kujenga. Kufanya nyumba kwa mawe na chokaa kuliitwa kuaka, na kwa hiyo fundi wa mawe huitwa mwashi hata leo. Tena walisema majengo kwa maana ya vifaa vya kujengea, yaani ile miti yenyewe pamoja na fito na kamba zake. Siku hizi kuaka kumekaribia kusahauliwa, na kujenga kumechukua kazi zote mbili. Basi neno hili lilianza na nyumba za namna ile ile iliyojengwa Kano tangu zamani. Bati na saruji ni wageni wake.

Hata hivyo, si kila kijengwacho huitwa jengo. Daraja hujengwa, barabara hujengwa, na tuta la kuzuia mto hujengwa. Lakini kila kimoja huitwa kwa jina lake. Pia twasema kujenga taifa na kujenga hoja, wala hakuna atafutaye nguzo zake. Vijana wa mijini nao husema "kazi ya mjengo", wakiwa na maana ya kibarua cha kubeba mawe na saruji. Na wingi wa neno umekuwa jina la mahali: kuna Majengo Mombasa, kuna Majengo Nairobi katika Pumwani, na msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupita Majengo ya Vihiga.

Je, jengo lapaswa kuwa na paa? Kusini ya Ghuba ya Winam, katika Migori, kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe lililojengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zina urefu wa mita 1.5 mpaka 4.5 kwenda juu, na unene wa kadiri ya mita 1, nazo zimepangwa bila chokaa wala udongo. Mwaka 2018 UNESCO iliandika boma hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta hizo hazina paa, lakini nani atathubutu kusema si jengo?

Nyumba ni neno jingine. Nyumba ni jengo lenye watu, na mara nyingi ni wale watu wenyewe. Mswahili asemapo "nyumba ya fulani", huenda anataja ukoo. Mjaluo naye husema ot kwa nyumba, na ot hiyo hiyo ni mama pamoja na watoto wake. Mahali pote pa makao, pamoja na ua na lango, huitwa dala kwa Kijaluo. Sisi husema boma au mji. Hapa mwandishi wa barua ajihadhari. Kijana wa Ahero akiandika kwamba simba yake imechukuliwa na maji, msomaji wa pwani atashangaa mtu kufuga simba! Simba kwa Kijaluo ni nyumba ya kijana asiyehamia boma lake mwenyewe.

Sheria za Kenya za ardhi na za mipango nazo hulichukua jengo kwa upana: liwe la kudumu au la muda, liwe limekwisha au halijaisha. Kwa hiyo ile nyumba ya kijana isiyoezekwa ilikuwa jengo tangu nguzo zake ziliposimama.

Basi, msomaji, ukiulizwa majengo yako, usijibu upesi. Zunguka boma lako kwanza, ukataje kila kitu kwa jina lake: nyumba ya mama, simba, ghala, jiko, choo, banda la ng'ombe. Na wewe karani, usiulize "mangapi" tu. Uliza moja moja kwa majina, kisha umsomee mzee yale uliyoyaandika kabla hujafunga daftari.