Laki tatu za Wi-Fi: ni nyumba gani inazihitaji?

Seti ya Wi-Fi ya meshi ya Netgear Orbi 970 yenye vituo vitatu ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2023, bei yake ilikuwa dola 2,299. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni karibu shilingi 297,000 za Kenya, na hapo bado hujalipa usafiri, VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine. Anayelipia faiba ya Safaricom ya Mbps 30 hutoa shilingi 4,100 kwa mwezi. Pesa za seti hiyo moja zingemlipia intaneti kwa miaka sita.

Wanaouliza kuhusu meshi siku hizi si matajiri peke yao. Ni mwalimu anayefundisha mtandaoni jioni, mama anayehudumia wateja wa kampuni ya ng'ambo akiwa chumbani, na wazazi ambao watoto wao wanadurusu kwa tableti. Wote wanataka jambo moja: simu ya video isikatike katikati ya sentensi. Wakifika dukani na kuambiwa kwamba dawa ni kifaa cha laki mbili, wapo wanaokwenda kukopa. Hilo linaniuma, kwa sababu nyumba nyingi hazikihitaji kifaa hicho, na zinazokihitaji zinatambulika mapema.

Meshi ni vituo viwili, vitatu au zaidi vinavyowekwa sehemu mbalimbali za nyumba, vyote vikitumia jina moja la mtandao na nenosiri moja. Kituo cha kwanza huunganishwa na kisanduku cha faiba, na vingine hupokea mawimbi yake na kuyatangaza upya. Ukitoka sebuleni kwenda chumbani huku unaongea, simu inahama kituo bila mazungumzo kukatika. Mifumo hii ilianza kuenea majumbani mwaka 2016, eero, Google Wifi na Orbi ya kwanza zilipotoka. Soko lao la kwanza lilikuwa nyumba za Marekani, ambako kuta za ndani kwa kawaida ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa ubao wa jasi. Mawimbi hupenya humo bila taabu.

Sasa ingia kwenye maisonette ya Kitengela au Syokimau. Kuta ni mawe ya kuchongwa yaliyopigwa plasta pande zote mbili, na kati ya chini na juu kuna slabu ya zege yenye nondo. Mlango wa mbele ni wa chuma. Kule Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa kuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazokaribia nusu mita kwa unene. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupita ukuta wa namna hiyo yakiwa yamechoka. Ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, hufa mengi njiani. Ya gigahezi 6, ambayo ndiyo fahari ya seti za bei kubwa, mara nyingi hayatoki kwenye chumba yalimozaliwa.

Hapo ndipo meshi isiyo na waya inapokwama, na muuzaji hakuambii. Kituo cha juu hutegemea mawimbi yale yale yaliyoishinda simu yako. Ukikiweka chumbani, simu itaonyesha vijiti vyote vimejaa, kwa sababu kituo kiko mezani kando yako. Lakini chenyewe kinapata kidogo kutoka chini, na hakiwezi kukupa kisichokipata. Utaona alama nzuri na video inazunguka tu. Watu wengi hulaumu kampuni ya intaneti wakati huo, kumbe tatizo ni slabu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, pima. Simama hatua mbili kutoka kwenye kisanduku cha faiba, tumia simu nzuri kuliko zote nyumbani, na upime spidi. Ukilipia Mbps 30 na unapata 28 hapo, laini yako haina kasoro. Ukipata 6 hapo hapo, hakuna meshi duniani itakayokusaidia. Piga simu kwa kampuni yako, au angalia nani anapakua michezo chumba cha pili. Baada ya hapo funga milango kama inavyokuwa usiku, nenda kila chumba, upime tena. Simu za Android zina programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba hizo ni hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kwenye -50 uko vizuri sana. Mafundi wa mitandao huchukulia -67 kuwa mpaka wa simu ya video isiyokatika. Ukiona -80, hata ujumbe wa sauti utasuasua. Andika namba za kila chumba kwenye karatasi, kwa sababu ndizo zitakazokuambia ununue nini.

Mara nyingi karatasi hiyo itakuonyesha kwamba kosa ni mahali kisanduku kilipowekwa. Fundi aliyeleta faiba alitafuta njia fupi ya waya wake, akatoboa ukuta wa mbele na kukifunga kisanduku nyuma ya televisheni, karibu na sakafu, pengine ndani ya kabati. Nusu ya mawimbi yanakwenda barabarani. Kukihamishia katikati ya nyumba, juu ya rafu, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji, kunagharimu mita chache za waya na malipo ya fundi. Katika nyumba ya vyumba viwili, hapo kazi kawaida imekwisha. Wakaao kwenye fleti zilizosongamana, Pipeline au Kilimani, wana ugumu mwingine: masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote wamerundikana humo. Kuhamishia televisheni na laputopu kwenye gigahezi 5 ni bure.

Kama nyumba ina ghorofa, nasema bila kusita: nunua waya kwanza. Kebo ya mtandao ya Cat6 huuzwa kwa mita, kwa makumi ya shilingi, na hubeba gigabiti moja hadi mita 100. Slabu haiihusu. Ivute kutoka kwenye kisanduku hadi korido ya juu, pale mwisho wake uweke ruta ya pili iliyogeuzwa kuwa kituo cha kutangazia tu. Ruta yako ya zamani inaweza kufanya kazi hiyo: zima kazi yake ya kugawa anwani, yaani DHCP, ipe jina na nenosiri lile lile, na chomeka waya kwenye tundu la LAN. Kasoro yake ni kwamba simu huchelewa kuhama ukitembea. Kwa mtu anayeketi mezani kufanya kazi, kasoro hiyo haina uzito.

Lakini chunga waya wenyewe. Madukani kumejaa kebo zinazoitwa Cat6 ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kata kipande kifupi, toa ganda, ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukibaki na rangi ya shaba mpaka ndani, ni wenyewe. Ukitokea weupe, rudisha, kwa sababu uzi huo hukatika ukikunjwa na kasi yake hushuka kwenye umbali mrefu. Na kama waya unapita nje kwenda kwenye SQ, yaani nyumba ndogo ya uani, dai kebo ya nje yenye ganda linalostahimili jua.

Sasa tuje kwenye meshi ya bei ya kati. Seti za Wi-Fi 6 zenye vituo viwili au vitatu, kama zile za familia ya TP-Link Deco, hazifiki hata robo ya bei ya Orbi niliyoitaja. Kwa nyumba nyingi za ghorofa moja, hizi zikiungwa kwa waya ndizo chaguo la busara: unapata kuhama kwa simu bila kukatika, na mfumo mzima unausimamia kwa programu moja. Soma boksi kabla ya kulipa. Deco E4, kwa mfano, ambayo bado ni ya Wi-Fi 5, ina matundu ya Mbps 100. Ukiwa na faiba ya Mbps 500 umejifunga mwenyewe. Deco M4, ambayo kwa macho inafanana nayo, ina matundu ya gigabiti. Tofauti hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo: 10/100 dhidi ya gigabit.

Kuunganisha kwa waya ndiko kunakotoa thamani. Vituo vya bei nafuu vyenye masafa mawili hutumia gigahezi 5 ile ile kuongea na simu na kuongea na kituo kikuu, kwa hiyo kila data ikiruka kituo kimoja bila waya, kasi hupungua kwa karibu nusu. Seti ghali huongeza masafa ya tatu au ya nne kwa ajili ya mazungumzo ya vituo peke yake. Ukiondoa mapambo na matangazo, hicho ndicho unachokilipia laki zile. Na waya wa shilingi elfu chache hufanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi.

Kuna pia zile namba kubwa kwenye boksi. Orbi 970 inatangaza jumla ya gigabiti 27 kwa sekunde. Hiyo ni mara 900 ya laini ya Mbps 30, na hupatikana kwa kujumlisha masafa yote kana kwamba simu moja ingeweza kuyatumia kwa pamoja. Netflix yenyewe inapendekeza Mbps 5 kwa picha ya HD kamili na 15 kwa 4K. Ruta ni bomba la ndani. Halileti maji ambayo hayajafika kwenye mita. Pia simu yako lazima iyaelewe masafa mapya: iPhone zilianza kutumia gigahezi 6 kwenye 15 Pro, na Wi-Fi 7 kwenye familia ya 16. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu hazina lolote kati ya hayo, na seti ya gigahezi 6 itazihudumia kwa masafa yale yale ya zamani.

"Mkubwa, chukua hii, inashika mpaka geti," ndivyo utakavyoambiwa Luthuli Avenue, Nairobi. Muulize hivi tu: vituo vyake vinaongeaje vyenyewe kwa vyenyewe, kwa masafa gani, na vina tundu la waya? Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakujibu papo hapo. Asiyeijua atarudia kuhusu geti.

Gharama nyingine hazionekani siku ya kununua. Kwa eero, vichujio vya kuwakinga watoto na kurasa zisizofaa viko ndani ya eero Plus, inayolipiwa dola 9.99 kwa mwezi au 99.99 kwa mwaka. Hiyo ni karibu shilingi 12,900, zaidi ya miezi mitatu ya faiba ya Mbps 30. Mzazi aliyedhani kifaa cha dola 1,699, bei ambayo seti ya eero Max 7 ilianza nayo, kimemaliza kila kitu, atashangaa. Seti iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani nayo huenda dhamana yake isitambulike hapa ikiharibika.

Halafu kuna umeme. Ukiwa na ruta moja, UPS ndogo ya volti 12 inakuvusha saa kadhaa stima zikipotea. Ukiwa na vituo vitatu, unahitaji UPS tatu, na vituo vikubwa vya bei ghali vinakula umeme kuliko zile UPS ndogo zinavyoweza kutoa. Linganisha ampea zilizoandikwa kwenye adapta. Ndiyo sababu anayejenga sasa namshauri afuate njia ya mahoteli na ofisi: vituo vya kubandikwa darini, vya Ubiquiti au TP-Link Omada, ambavyo hupata intaneti na umeme kupitia waya ule ule wa mtandao. UPS moja tu kando ya swichi inaviwasha vyote hata nyumba nzima ikiwa gizani. Mwambie fundi wa umeme alaze mabomba ya waya kabla ya plasta. Ukingoja, baadaye utalipia kuvunja na kupaka rangi upya.

Nani basi anunue seti ya laki mbili au tatu? Wapo. Safaricom inauza gigabiti moja kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, sawa na 240,000 kwa mwaka. Anayelipa hivyo katika nyumba kubwa, ana vifaa vipya vya Wi-Fi 7, anahamisha mafaili mazito ya video kila siku, na hawezi kutoboa kuta kwa sababu nyumba ni ya kupanga au ni jengo la kale lililohifadhiwa, huyo anapata thamani ya pesa yake. Mwenye Mbps 500 kwa shilingi 12,499 afikirie mara mbili, kwani seti ya kati yenye waya na matundu ya gigabiti itampa karibu zote. Mwenye 15, 30 au 80 aiache kabisa. Akihisi kwamba intaneti haitoshi baada ya kurekebisha mawimbi, kupanda kutoka Mbps 30 hadi 80 kutamwongezea shilingi 2,199 kwa mwezi, na wiki hiyo hiyo ataona tofauti.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa bado ana njia: kebo bapa inayopita chini ya mlango na kubanwa kwa klipu pembeni mwa ngazi. Akihama, anaikunja na kuondoka nayo pamoja na vituo vyake. Akishindwa hata hilo, anunue vituo viwili badala ya vitatu, cha pili akiweke kwenye ngazi, mahali ambapo kile cha chini bado kinaonekana kwa -60 hivi, asikifiche chumbani. Na aombe duka limwandikie kwenye risiti kwamba anaweza kurudisha ndani ya siku saba, kisha arudi nyumbani na ile karatasi ya namba apime vyumba vyote upya.