Kipandikizi Kikidhuru, Mgonjwa Ana Haki Gani?

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Methali hii hutujia tunapowafikiria mama zetu wanaougulia maumivu baada ya kupasuliwa, wakaona haya hata kuwaeleza waume zao.

Mfano ulio wazi ni nyavu za plastiki walizopandikizwa wanawake wengi ng'ambo kwa ajili ya kizazi kilichoshuka au mkojo usiozuilika. Baadhi yao walipata maumivu yasiyokwisha, na wavu ukachimba nyama za ndani. Hawakunyamaza. Novemba 2019, katika kesi waliyoifungua kwa pamoja, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba kampuni za Johnson & Johnson hazikutoa tahadhari ya kutosha kuhusu hatari hizo.

Je, nasi tuna nini? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kufidiwa kwa madhara yatokanayo na kasoro za bidhaa au huduma. Kwanza yapasa kupambanua: kasoro ni ya kifaa, au ni uzembe wa mpasuaji? Kifaa kibovu huripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na dai la fidia huelekezwa kwa mtengenezaji au muuzaji. Malalamiko dhidi ya daktari au hospitali hupokewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Kulalamika huko hakumzuii mtu kwenda mahakamani.

Lakini muda haumngoji mtu. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya serikali, miezi 12 tu. Aliyechelewa kwa sababu hakuweza kuyajua mambo ya msingi aweza kuiomba mahakama ruhusa, ila asiitegemee.

Kwa hivyo, tuombe nakala za faili la matibabu, fomu ya ridhaa na kibandiko chenye nambari ya kifaa. Kikitolewa mwilini, tusikubali kitupwe, kwani hicho ndicho shahidi. Asiye na uwezo wa wakili na abishe hodi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Subira ni sifa njema, na kudai haki hakuipunguzi. Mama akisema anaumia, tuanze kwa kumsadiki.